Mashine Inayochagua Wagonjwa

"Si mimi niliyemuua," alisema Umm Turki kabla Zeinab hajapata hata kuketi.

Alisema kwa Kiarabu cha Hijazi, harakaharaka, kama mtu aliyekwisha kushtakiwa na mji mzima na sasa amechoka. Kahawa iliyoletwa haikuguswa. Nje ya dirisha kulikuwa na ukuta mrefu, na nyuma ya ukuta makelele ya magari ya mtaa wa Al-Hamra yakielekea ufukweni.

Zeinab Athmani aliivuta abaya yake, akakaa, akamtazama usoni. Alikuwa amekuja Jeddah akiamini kwamba muuaji ni huyu. Kule Balad, kwenye vibanda vya simu ambako wasichana wa Kenya hununua kadi za kupigia nyumbani, kila mtu alimwambia hadithi ile ile: kwamba Rael, mtumishi wa ndani, aliumwa tumbo, akalia, madam akamfungia chumbani mpaka kidole tumbo kikapasuka na roho ikatoka. Zeinab alikuwa askari wa upelelezi Mombasa kabla ya kuchukuliwa na kampuni ya bima ya Nairobi. Hadithi ambayo kila mtu anaisimulia kwa maneno yale yale alikuwa haiamini, lakini hii ilikuwa imemwingia.

"Basi niambie aliyemuua," alisema Zeinab. Kiarabu chake kilikuwa cha madrasa ya Kibokoni, kilichonyooshwa na jirani zake Wahadhrami.

"Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Siku ya kwanza wakampima, wakampa dawa, akaunti yake ya Akiba ya Afya ikalipa. Daktari akasema kesho arudi apasuliwe, aje na barua ya dhamana kutoka ofisi yenu ya Riyadh. Rael akapiga simu kuomba barua. Kesho yake tunafika, dirishani wanasema akaunti imefungwa. Amevuka kikomo."

"Si ofisi yetu. Ni ya Safina, wakala wa ajira. Mimi natoka kwa bima."

"Kwangu mimi nyote ni wamoja!" Umm Turki alipiga meza, kikombe kikaruka. "Nilipiga Riyadh mimi mwenyewe. Msichana akapokea, akasema pole, akanipa mwanamume. Mwanamume akaniambia ni kosa la mashine, litarekebishwa kabla ya alasiri, nimrudishe nyumbani tungoje. Mume wangu yuko safari. Nikamrudisha. Nikangoja!"

"Mwanamume huyo alizungumza lugha gani?"

"Lugha gani? Kiarabu. Kiarabu kizuri, kama mtu aliyezaliwa hapa. Alinibembeleza kabisa. Aliniita dada."

Zeinab aliinuka. Mlangoni madam yule alimshika mkono kwa nguvu.

"Watu wako wananitemea mate sokoni," alisema. "Nenda ukawaambie."

* * *

Wesley alikuwa akimngoja garini na injini inaunguruma, kwa sababu ya kiyoyozi. Alikuwa Mkalenjin mrefu, dereva, aliyeletwa Saudia na Safina hiyo hiyo. Na kama wote walioletwa na Safina alikatwa kila mwezi kwa ajili ya Akiba ya Afya. Makato hayo yalikuwa na kikomo cha mwaka. Kinachozidi kikomo kilihesabiwa kuwa mapato, kikadaiwa kodi, na akaunti ikafungwa mpaka programu ya kodi iikokotoe upya. Ndivyo mkataba ulivyosema, na kampuni ya Zeinab ndiyo iliyoudhamini.

"Ni yeye?" Wesley aliuliza.

"Si yeye."

"Aki? Lakini watu wote wanasema..."

"Watu wote hawakuwa dirishani pale hospitali. Nipeleke."

Hospitali ilikuwa ya watu binafsi, na mbele yake palikuwa na bustani iliyomwagiwa maji mengi kuliko waliyopewa wagonjwa. Keziah, msichana wa Bungoma ambaye naye aliletwa na Safina na kufanya kazi nyumba ya tatu kutoka kwa Umm Turki, alilazwa kwenye kitanda cha ukumbini, magoti kayakunja hadi kifuani. Utumbo wake ulikuwa umejisokota. Daktari alisema kwamba upasuaji unangoja barua ya dhamana, kwamba barua haiji kwa sababu akaunti imefungwa, na kwamba yeye si mhasibu.

"Na kama barua haiji?" Zeinab aliuliza.

"Kesho usiku tutakuwa tunazungumza mambo mengine," alisema daktari, akaondoka.

Zeinab aliinama kitandani. "Keziah, sikiza mwanangu. Akaunti yako ilifungwa lini?"

"Leo, aunty."

"Kabla ya leo ilikuwa yafanya kazi?"

"Jana asubuhi walinipima damu, ikapita sawa. Wakasema nitafute barua ya operesheni. Nikapigia ofisi. Fridah, yule wa simu, akaniambia pole, atanishughulikia." Msichana aliuma shuka mpaka uchungu upite. "Leo wanasema nimevuka. Nimevuka nini, aunty? Mimi sijavuka kitu."

Nje, kwenye kivuli cha maegesho, Zeinab alimpigia mkubwa wake Nairobi. Aliomba jambo moja: kampuni ilipe hospitali moja kwa moja, halafu wamtafute mkosaji baadaye.

"Zeinab, akaunti iliyovuka kikomo hatuwezi kuigusa," sauti ilijibu kwa upole wa mtu aliyeshiba chakula cha mchana. "Sheria ni sheria. Wacha Safina waifungue, sisi tutalipa siku hiyo hiyo."

"Msichana anakufa, bwana."

"Ndiyo maana nasema waambie wafanye haraka."

Alikata simu. Alilipiga paa la gari la Wesley kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu, hata mlinzi wa getini akageuka. Kisha akaingia, akafunga mlango taratibu.

"Wesley, akaunti yako wewe imewahi kufungwa?"

"Zi, haijafungwa. Lakini mimi sijawahi kuumwa."

Zeinab alijifunga mkanda. Juzi, alipotua Riyadh, kijana wa kompyuta wa Safina aitwaye Timothy alikuwa amempa maelezo mazuri mno. Mishahara ya huku hulipwa kwa mwezi mwandamo, alisema, na mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko mwaka wa Januari hadi Desemba. Lakini programu waliyonunua ya kukokotoa kodi inahesabu kwa mwaka wa Januari. Basi katika mwaka mmoja wa programu mtu huweza kukatwa mara kumi na tatu badala ya kumi na mbili, na lile kato la ziada ndilo linalomvusha. Zeinab, ambaye tangu utoto alikuwa akiona Ramadhani ikirudi nyuma kila mwaka, alikuwa ameyameza maelezo yale mazimamazima.

Sasa yalimkwama kooni.

"Kalenda ni ya kila mtu," alisema, nusu kwa Wesley, nusu kwa nafsi yake. "Ingekuwa kosa ni la kalenda, mungefungiwa nyote, na mungefungiwa mwisho wa mwaka. Rael alifungiwa katikati ya mwaka. Keziah hali kadhalika. Wote wawili siku moja baada ya kupiga simu kuomba barua ya kupasuliwa. Wewe mzima wa afya hujaguswa. Kalenda haijui nani anaumwa tumbo, Wesley."

Wesley aliacha kugusagusa usukani. "Kwa hivyo kuna mtu."

"Kuna mtu. Na kesho utanisaidia kumjua ni nani. Unaweza kudanganya kwa simu?"

"Niko na wake wawili nyumbani, madam," alisema Wesley. "Naweza."

* * *

Ndege ya alfajiri ilimfikisha Riyadh kabla jua halijawa kali. Ofisi ya Safina ilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la mazulia. Mbele palikuwa na meza ya Timothy, nyuma ya kioo cha rangi ya moshi palikuwa na chumba cha Noah, mkurugenzi, na pembeni, nyuma ya ubao uliopigwa pazia, palikuwa na kijichumba cha wanawake ambamo Fridah alikaa na simu.

Zeinab hakuanza na maswali. Alianza na uongo.

"Nimezunguka Jeddah," alimwambia Noah aliyetoka kumpokea, suti nzuri, mkono laini. "Kosa ni la kalenda. Nitaandika hivyo, na nitapanda ndege kesho."

"Alhamdulillahi," alisema Noah, ingawa alikuwa mtu wa kanisa. "Mashine hizi zitatuua, madam Zeinab. Fridah, mletee mgeni chai."

"Kuna msichana hospitalini, Keziah. Yeye je?"

"Timothy anashughulikia. Ni process tu." Akarudi nyuma ya kioo chake. Zeinab alimsikia akipokea simu ya mteja. Kiarabu kilimtoka kama maji ya bomba.

Akavuta kiti karibu na Timothy. "Wewe Kiarabu wakijua?"

Timothy alicheka kwa haya. "Yalla, halas na mafi, dada. Hapo ndio mwisho. Wakipiga Waarabu, bosi ndio huongea."

"Nionyeshe mtu ambaye kalenda haijamfikia. Yeyote. Wesley, yule dereva wa Jeddah."

Timothy akabonyeza. Jina likatokea, na kando yake alama ya kijani. "Huyu yuko mbali na kikomo kabisa. Makato yake ni madogo, hata mwaka ukiisha hatafika."

"Una hakika?"

"Hundred percent."

"Akikatwa mara kumi na tatu?"

"Hata kumi na nne."

Zeinab alishukuru. Adhana ya adhuhuri ilianza kutoka msikiti wa jirani, ikajibiwa na mwingine, na mwingine. Chini, wenye duka la mazulia waliteremsha mlango wao wa bati. Timothy alifunga mlango wa mbele kama ilivyo desturi, akashuka ngazini kuvuta sigara na walinzi. Noah alibaki ndani ya kioo chake. Zeinab aliomba kuswali chumbani kwa Fridah.

Alitandika kitambaa chake pembeni. Alipotoa salamu ya mwisho, kulia kisha kushoto, simu ya mezani ililia. Hakuinuka. Alikaa pale pale chini, kichwa kimeinama, kama mtu anayeomba dua.

"Safina, habari ya mchana," alisema Fridah. "Nani? Wesley wa Jeddah? ... Woi, pole. Operesheni ya nini? ... Pole sana, kaka. Barua ya dhamana, eeh. Wacha nimwambie bosi saa hii. Pole, utapona."

Alitua simu. Zeinab alisikia ndara zake zikivuka sakafu, kioo kikigongwa, sauti mbili zikinong'ona, kisha ndara zikirudi.

"Watu wanaumwa sana huku," Fridah alimwambia, akikaa. Alikuwa na uso wa duara na macho ya mtu ambaye hapati usingizi wa kutosha. "Kila siku nasema pole. Hata naota nikisema pole."

"Majina ya wagonjwa wampelekea nani?"

"Bosi. Alisema yeye mwenyewe ndio anataka kuwafuatilia. Wagonjwa wote."

Zeinab alikunja kitambaa chake. Alikikunja vizuri, pembe kwa pembe, kwa sababu mikono yake ilikuwa inataka kufanya jambo lingine.

Milango ya bati ilipoanza kupandishwa huko chini, Timothy alirudi akinuka sigara. Zeinab alikuwa amekwisha simama nyuma ya kiti chake.

"Nifungulie Wesley tena."

"Si tumemuona sasa hivi?"

"Nimesahau kitu."

Timothy akabonyeza. Alama ilikuwa nyekundu. AMEVUKA KIKOMO. AKAUNTI IMEFUNGWA. Kijana alisogeza uso kwenye kioo cha kompyuta, akabonyeza tena, akabonyeza tena.

"Hii... hii haiwezekani. Kuna kato limeongezwa. Hili hapa halikuwepo."

"Mwezi umeandama adhuhuri, Timothy?"

Timothy alisogeza kiti nyuma.

"Nakuuliza. Wewe ndiwe mwalimu wa kalenda. Mwezi umeandama mchana kweupe, tukiwa tunaswali?"

"Dada, mimi nilikuwa chini. Askari wote wameniona."

"Najua ulikuwa chini. Ndiyo sababu nasema nawe badala ya kukuzaba kofi. Nani mwingine anaweza kuingiza kato humu ndani?"

Timothy alitazama kioo cha rangi ya moshi. "Watu wawili tu," alisema hatimaye. "Mimi na yeye. Yeye ndiye alinieleza hiyo story ya kalenda. Iliingia akilini, nikaikubali. Nikaacha kuangalia."

"Mfungue Keziah."

"Inahitaji ruhusa ya..."

"Mfungue Keziah!"

Aliifuta ile tarakimu ya ziada. Kidole kimoja kwenye kitufe kimoja. Nyekundu ikawa kijani, na barua ya dhamana ikaondoka kwenda Jeddah kabla Zeinab hajavuta pumzi ya pili.

"Ni hivyo tu?" aliuliza.

"Ni hivyo tu," alisema Timothy.

"Rael angefunguliwa hivi hivi."

Timothy aliziba uso kwa mikono.

Zeinab alimpigia Wesley, aliyekuwa hospitalini tangu asubuhi. Alisikia kwanza zogo, kisha magurudumu, kisha Wesley akipiga kelele kwamba wamesoma barua, wanamsukuma, mlango wa chumba cha upasuaji umefunguka. "Na mimi je, madam?" aliongeza. "Nimepona?"

"Wewe umepona. Kaa naye."

Kioo cha rangi ya moshi kilifunguka. Noah alikuwa amevaa koti lake, na mkononi ana mkoba wa ngozi.

"Kuna nini hapa? Timothy, nani amekuruhusu kutoa dhamana?"

"Umemfungia dereva mzima wa afya," alisema Zeinab. "Hana hata mafua. Nilimwambia apige simu, nikakaa chini kwenye chumba cha Fridah nikasikia jina lake likiletwa kwako. Kwa nini, Noah? Mfuko wa akiba ni mtupu?"

"Madam, haya mambo huyaelewi. Ni mambo ya kodi."

"Umekula akiba yao, na kila tunapolipa upasuaji twakuja kuudai mfuko wako, nawe huna cha kulipa. Basi unamvusha kikomo kwa kidole chako, halafu unasema ni mashine. Ukazungumza na Umm Turki kwa Kiarabu kitamu, ukamwita dada, ukamwambia amrudishe mtoto wa watu nyumbani akangoje. Ulijua hakuna cha kungoja."

"Nilikuwa nanunua muda!" Noah alifoka. "Pesa zilikuwa zinarudi! Ningewalipa wote! Unajua ni watu wangapi wanakula kwa sababu yangu? Nimewatoa kwa shida, kila mmoja wao!" Alimsukuma Timothy kando, akaelekea mlangoni.

Zeinab hakusogea hata hatua. "Waenda wapi?"

"Uwanja wa ndege."

"Na pasi yako anayo nani?"

Mkono wa Noah ulisimama kwenye kitasa.

"Kafili wako, Msaudi aliyekudhamini, kama ya kila mtu uliyemleta hapa," alisema Zeinab. "Huwezi kutoka nchi hii bila idhini yake. Nimempigia leo asubuhi kutoka uwanjani. Nimemwambia kwamba hii leo ama nitamuomba radhi kwa kukushuku, ama nitamuomba aje na polisi. Ujumbe wa kuja nimemtumia wakati Timothy anabonyeza. Fungua mlango, uende. Nenda ukawe mtoro bila pasi, uone wasichana waliotoroka hulala wapi."

Noah hakufungua mlango. Alirudi hatua mbili, akakaa kwenye kiti cha wageni, mkoba mapajani.

Hapo ndipo pazia la chumba cha wanawake lilipofunuliwa. Fridah alikuwa amesimama pale kwa muda, hakuna aliyejua tangu lini.

"Nilikuwa nakuletea majina," alimwambia Noah. Hakupaza sauti. "Nilikuwa nagonga kioo chako nakuletea majina, nikidhani unawapigania."

"Fridah, rudi kwa simu."

"Monicah wa Taif," alisema Fridah. "Alikuwa na maji kwa mapafu. Nilimwambia pole, nikakuletea."

"Rudi kwa simu, nimesema!"

"Rosebellah wa Dammam. Mimba ilikuwa imekaa vibaya. Alipiga mara mbili. Mara ya tatu akapiga mwenzake."

"Halas!" Noah aliruka kutoka kitini. Timothy, ambaye hakuna aliyemdhania ana nguvu, alimshika mabega kwa nyuma, akamkalisha.

Fridah alisogea hatua moja mbele. Zeinab alivuta kiti, akakiweka mbele ya Noah, karibu kiasi cha magoti kugusana, akamkalisha Fridah juu yake.

"Endelea," alimwambia. "Pole pole. Unayemkumbuka, mtaje. Huyu hana pa kwenda."

Fridah alifuta macho kwa ukingo wa shela, akamtazama mkurugenzi wake usoni.

"Elphas," alisema. "Huyo alikuwa mlinzi, hapa hapa Riyadh. Moyo. Alikuja mwenyewe ofisini akakaa kwa hicho kiti umekalia, na wewe ukapita mbele yake ukamsalimia."